Fundi Tuliyemwacha Mwezini

Watu wanaosifia sehemu ya pili ya lile gemu la anga nawaona wamerogwa na rangi. Ni kweli, chombo kinang'aa, sayari zinapendeza, bunduki ni za kila namna. Lakini sehemu ya kwanza watu walikuwa wanaongea. Wewe ni nahodha, unashuka chini kwa fundi wa injini, mwanamke mtu mzima mwenye kikohozi, anakueleza habari za binti yake aliyemwacha nyumbani, na unachomjibu hakisahau. Sehemu ya pili wamefupisha kila kitu. Unamuuliza mtu swali, anakujibu sentensi mbili, anakupa bunduki uondoke.

Maneno hayo nilimwambia kaka yangu mwaka huu, nyumbani kwake Mbagala, nikiwa nimeshika kikombe cha chai na kujiona mjuzi. Bora ningekunywa chai yangu nikanyamaza.

Sehemu ya kwanza tuliicheza Tandale, kwenye chumba alichopanga mama. Kaka aliishia darasa la saba, akawa anabeba viroba sokoni. Akirudi mchana anaoga, anaswali, anakaa kwenye mkeka mbele ya televisheni yenye kisogo, anashika pedi ya gemu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nakaa nyuma yake kitandani. Gemu lote lilikuwa la Kiingereza, na yeye Kiingereza hakukijua. Kwa hiyo tulicheza kama watu walivyokuwa wanaangalia filamu kwenye mabanda ya video ya mtaani kwetu, ambako jamaa mmoja hushika kipaza sauti akawatafsiria wenzake kila kinachosemwa, na chumvi yake akatia. Jamaa wa kipaza sauti nilikuwa mimi. Mama alikuwa anachambua mchele mlangoni, na yeye anafuatilia. "Huyo mwenye pembe kasemaje?" anauliza.

Nilikuwa mtafsiri mvivu. Fundi akiongea robo saa, mimi namwambia kaka, "Anasema injini mbovu." Kaka anaangalia yale maandishi yanavyopanda, ananiangalia mimi. "Yote hayo ni injini mbovu?" Tunacheka.

Kisha tukafika kwenye mwezi mmoja, mwamba ukaporomoka. Daktari wa safari amebanwa upande huu, fundi upande ule, na nahodha ana nafasi ya kumwokoa mmoja. Fundi akaanza kuongea. Maandishi yalikuja, yakaja, yakaendelea kuja. Alikuwa anaomba. Alisema ana mtoto. Alisema tukimsubiri kidogo anajua namna ya kuufungua mlango wa pili tutoke wote. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa fizikia, na tumbo lilikuwa linaunguruma kwa njaa. Nikasema, "Anasema umwache yeye, umchukue daktari. Ameridhika."

Kaka aliweka pedi chini. "Kasema mwenyewe?"

"Kasema."

Akajipangusa uso kwa mkono, halafu akamchukua daktari. Mama pale mlangoni akasema, "Huyo mama ana imani," akarudi kwenye mchele wake.

Kaka akamfanya yule fundi kuwa hadithi yake. Nilimsikia sokoni akiwasimulia wabebaji wenzake: "Kuna watu wana roho. Mama wa watu kabanwa na jiwe, anamwambia mwenzie nenda." Nilitaka kumwambia ukweli, nikaona haya, nikajitia hamnazo. Ni gemu tu, nilijiambia.

Mwaka uliofuata mama akaugua. Hospitali walimpima, wakampima tena, mwisho wakampa barua ya Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Wiki hiyohiyo kaka alikuwa amepata utingo kwenye lori la Zambia, kazi aliyoihangaikia kwa miaka. Begi lilikuwa kitandani, zipu wazi. Akanipa barua nimsomee. Ilisema ugonjwa umeshaenea, dawa hazitasaidia tena, mgonjwa arudishwe nyumbani akae na watu wake. Niliisoma kimyakimya mpaka mwisho, kisha nikamwambia, "Wanasema aendelee na dawa, arudi baada ya miezi miwili."

Uso wake ukafunguka. Akafunga zipu.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba asikose kazi. Kwamba mama alikuwa chumba cha pili kwa jirani na angesikia. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mimi ndiye wa kulitamka jambo lile, na mdomo wangu ulishazoea kufupisha.

Mama alifariki kaka akiwa kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma. Kwetu maiti haicheleweshwi, tukamzika kesho yake. Kaka aliposhuka kwenye basi na kufika nyumbani, tanga lilikuwa limeshaanuliwa, majirani wanakunja mikeka. Aliniuliza swali moja tu. "Ilikuwa ghafla?" Nikasema ghafla.

Sasa kaka ni dereva, ana mke na mtoto na televisheni pana. Mimi niko Kinondoni, nafanya kazi ofisini, Kiingereza kutwa. Alinipigia simu mwenyewe, furaha tele: sehemu ya pili ameipata, niende Jumamosi. Nilipofika nikamkuta ameshaanza. Gemu lilikuwa limemuuliza alimwokoa nani kule mwezini, naye alijibu bila kusita.

Na hakunihitaji tena. Anaielekeza simu kwenye televisheni, maandishi yanageuka Kiswahili. Kiswahili chenyewe cha kusikitisha. Mlinzi wa lango alikuwa anasema "injini yangu ina huzuni". Nikacheka mpaka chai ikamwagika.

"Mie naelewa hivyohivyo, sista," kaka akasema. "Hii haichoki."

Hapo ndipo nilipotoa lalamiko langu kwamba sehemu ya pili wamefupisha. Kabla hajanijibu, mlango wa chombo ukafunguka, akaingia yule fundi wa mwezini; kumbe hakufa. Amezeeka, mkono mmoja hana. Simu ilikuwa imerudishwa kwenye chaji, na kaka akageuka kama tuko Tandale. "Anasemaje?"

Nilikuwa nimeshasoma. Nikasema, "Anakusalimia. Anasema siku nyingi."

Kaka aliendelea kumtazama fundi. Sehemu ya kwanza uso wake ulikuwa wa mdoli, ungeweza kumsemea lolote. Hawa wa sehemu ya pili wameuchora vizuri mno, mpaka midomo inatetemeka.

"Mbona analia?" kaka akauliza.

Akainuka, akaichomoa simu, akaielekeza. Akasoma taratibu kwa sauti: "Mimi niliomba wewe. Mimi niliambia wewe nina mtoto. Wewe ulisikia, wewe ukaondoka."

Hakupandisha sauti. "Aliomba?"

"Kaka, yale maandishi yalikuwa marefu."

"Nakuuliza aliomba?"

"Aliomba."

Wifi alitokea na sahani ya maandazi, akatutazama, akarudi nayo jikoni. Kaka akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki yenye makaratasi ya kliniki ya mama. Nilijua kabla hajaifungua. Akaitoa ile barua, akainyoosha mezani, akaishika simu juu yake.

"Nipe nikusomee, kaka. Nitasoma yote."

"Kaa."

Aliisoma mwenyewe, kwa kile Kiswahili nilichokicheka. "Mgonjwa arudi katika nyumba pamoja na familia yake." Hapo alirudia mara ya pili. Alipomaliza akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, mmoja baada ya mwingine.

"Begi nilikuwa sijalifunga," akasema.

Nililia, nikamwomba msamaha. Akaniambia ninywe chai itapoa.

Siku hizi nikienda Mbagala namwamkia, ananiitikia marahaba, chai inakuja. Gemu alilimaliza peke yake. Nilimuuliza kama bado anaiona sehemu ya pili nzuri kuliko ya kwanza, nikitarajia labda tutabishana kama zamani. "Nzuri," akasema. "Hii nimeisikia yote."

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa hapo mwanawe alipotoka shule na barua ya mwalimu, ya Kiingereza. Nikanyoosha mkono kwa mazoea. Kaka akainuka kwenda kuichomoa simu kwenye chaji.