Damu Kwenye Sindano Haikuwa Yangu

Damu niliyoiona kwenye ile sindano haikuwa yangu.

Najua haikuwa yangu kwa sababu moja rahisi: nilikuwa bado sijaguswa.

Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda chembamba, uso umepakwa krimu ya ganzi, midomo imekufa kiasi kwamba hata kumeza mate nilikuwa nabahatisha. Mwanamke mwenye koti jeupe akaniinamia, mkononi ana kimashine kama kalamu nene. Kwenye ncha yake kuna visindano vifupi, vingi, vimesongamana kama manyoya ya brashi.

Na katikati ya vile visindano, doa jekundu lililoanza kukauka.

Ngoja nianzie mwanzo, msije mkadhani nilikwenda pale kwa kukosa akili.

Mimi nauza miwani. Kazi yangu ni kusimama uso kwa uso na mtu, karibu kabisa, nimwekee fremu puani, nimrekebishie nyuma ya masikio. Ukiwa na uso kama wangu, kazi hiyo ni mtihani. Chunusi za ujanani ziliondoka zikaniachia mashimo mashavu yote mawili.

Siku moja mtoto wa mteja alinitazama weee, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Shangazi, ulianguka kwenye kokoto?"

Mama yake alitamani ardhi impasukie. Mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Sasa, wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeniletea habari za Dokta Nyororo. Hilo ni jina la utani, wateja walimpa kwa jinsi anavyosifiwa kulainisha ngozi.

Wifi alinieleza kwamba naye amechomwa palepale, na kwamba zile sindano zinatoboa ngozi vitundu vidogo, ngozi inashtuka, inajijenga upya, mashimo yanapungua. Na hilo, nilikuja kuthibitisha baadaye, si uongo. Tiba ipo, na imewasaidia wengi. Uongo ulikuwa mahali pengine.

Kilichonitia shaka ni jinsi alivyoning'ang'ania. Asubuhi anapiga, umeamua? Jioni anapiga tena. Na wifi yangu si mtu wa kubembeleza. Ni mwanamke ambaye ukikataa chai yake mara ya kwanza, anaondoa kikombe.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Machale yakanicheza. Nikajisemea, huyu kuna kitu anapata.

Lakini mashimo yalikuwa kwangu, si kwa wifi. Nikakubali.

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la kutoa nakala. Ndani kunanukia vizuri, muziki wa taratibu, shuka nyeupe. Ukutani wametundika vyeti. Nikavisogelea. Kimoja kilikuwa cha kusuka nywele. Kingine cha kuhudhuria semina. Cha tatu kimewekwa juu mno, labda kisomwe na twiga.

Wifi nilimkuta yuko ndani tayari, ingawa tulikubaliana tukutane barabarani. Kavaa barakoa na miwani ya jua, humohumo ndani. Akasema ana mafua na macho yanamwasha.

Dokta Nyororo alinikaribisha kwa sauti ya asali. Hakuniuliza natumia dawa gani. Hakuniuliza kama nina mimba, kama nina kisukari, kama nikiumia huwa napona vipi. Aliuliza kitu kimoja tu: nina haraka ya kurudi kazini? Nikasema kidogo. Basi tusipoteze muda, akasema, akanipaka ganzi.

Ndipo nikaliona lile doa.

"Samahani, hiyo damu ni ya nani?"

Kwa midomo ile sijui lilitoka neno gani, lakini alinielewa. Wala hakubabaika. Akasema si damu, ni dawa ya vitamini, ina rangi.

Nikamwomba abadilishe kile kichwa cha sindano, afungue kingine nikiona kwa macho yangu. Akajibu kwamba ameshabadilisha, nitulie, hakuna mteja wake aliyewahi kulalamika.

"Basi nionyeshe pakiti uliyoifungua."

Akajifanya anapanga pamba mezani.

Nikamgeukia wifi, aliyekaa kwenye kona kakumbatia mkoba wangu. Nilitaka aseme neno moja tu, wifi, twende. Akainamisha kichwa, akawa anatazama marumaru za sakafuni kama vile ndiye aliyezipanga.

Nikashuka kitandani. Nikachukua mkoba wangu mikononi mwake na kuteremka ngazi, uso mweupe pe kama niliyemwagiwa unga. Pale kwenye duka la nakala, watu waliokuwa kwenye foleni walinipisha bila kuombwa.

Jioni kaka akapiga simu. Alikuwa ameambiwa kwamba nimemwaibisha mkewe. Nikamuuliza kama ameambiwa na habari za sindano yenye damu. Akasema mambo ya wanawake yeye hayajui. Tukaagana kila mtu kanuna.

Basi nikajikausha. Simpigii wifi, kwake sipiti. Kichwani nilishamhukumu: ameniuza.

Lakini mashimo hayakuondoka kwa hasira. Nikaenda hospitali, kwa daktari wa ngozi, mama wa makamo asiye na muda wa tabasamu. Huyu naye akanitia wasiwasi kwa upande wake. Maswali kama polisi. Nimewahi kumeza vidonge vya chunusi? Niliacha lini? Huwa natokwa na vidonda vya homa mdomoni? Nina mimba? Nanyonyesha? Napaka nini usoni? Nikaanza kujiuliza, huyu mama anatibu ngozi au anatafuta mchumba wa mwanawe?

Kisha akashika sikio langu, akaligeuza. Nyuma ya tundu la hereni kuna kinundu kigumu, nimekizoea hata nimesahau kama kipo.

Akauliza kama kilianza baada ya kutoboa. Nikasema ndiyo.

"Basi leo sikuchomi," akasema. "Ngozi yako ikijeruhiwa inajenga kupita kiasi. Naweza kukuzibia shimo nikakuachia kilima."

Nilikasirika. Mmoja anataka kunichoma bila kuuliza, mwingine ameuliza mpaka nimekauka koo, halafu hanichomi.

Akaniandikia krimu, akasema nirudi tuangalie njia nyingine, na kama ni sindano, angejaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Wakati anaandika nikamsimulia yaliyonikuta kule ghorofani. Kalamu yake ikasimama.

Akataka kujua kama aliyenipeleka naye amechomwa palepale. Nikasema ndivyo alivyoniambia.

"Na uso wake umeuona?"

Nikataka kusema ndiyo. 

Sikuwa nimeuona. Tangu wifi aanze kunibembeleza, ama tuliongea kwa simu, ama alikuja na poda nzito kama plasta ya ukuta, ama barakoa.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa kaka, saa ambazo nilijua yuko kazini, bila kubipu wala kupiga. Nikabisha. Wifi alidhani ni jirani. Akafungua, taulo begani, uso umetoka kuoshwa.

Mashavuni, kuanzia chini ya macho mpaka kwenye taya, kulikuwa na mistari ya vidoti vyeusi, imeongozana sambamba, kama cherehani iliyopita bila uzi. Hapa na pale vidoti vimevimba, vimetunga usaha.

Akataka kufunga mlango. Nikaweka mguu.

"Wifi," nikamwambia, "mimi ni mtu wako."

Akakaa palepale sakafuni, mlangoni, akalia kwa kwikwi. Nami nikakaa.

Alipotulia akanieleza. Alikwenda kwa Dokta Nyororo kwa ajili ya madoa madogo tu. Mashine ikagandamizwa mno, ikaburutwa, na uso ulipopona ukatoka na ile mistari. Akarudi kulalamika. Dokta Nyororo hakugomba, alimhurumia. Akamwambia ngozi yake ni kaidi, inahitaji kurudiwa, na atamrudia bure kabisa, ila naye amsaidie kuleta wateja. Kwa kila mtu atakayemleta, yeye wifi anatengenezwa mara moja.

Wifi anashona sare kiwandani. Akaanza na wenzake wawili wa kazini. Kisha mimi. Kaka yeye aliambiwa ni sabuni mpya imemkataa, akaamini.

Kwa hiyo shaka yangu ilikuwa kweli, kuna kitu alikuwa anapata. Alikuwa anapata matumaini, tena kwa mafungu.

"Na ile damu?" nikauliza.

Akajifuta macho kwa ncha ya taulo.

"Ilikuwa yangu. Alinichoma mimi kwanza, kabla hujafika. Ndiyo maana nilivaa barakoa."

Nikamgeukia.

"Ulijua hajabadilisha?"

"Nilidhani atabadilisha. Ulipouliza ndipo nikajua. Nikanyamaza, maana ningesema, asingenitengeneza tena."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini kofi ningeliweka wapi kwenye uso ule?

Halafu nikaona naye amewaza nilichowaza mimi. Kama mimi ningechomwa kwa sindano yenye damu yake, yeye alikuwa amechomwa kwa sindano yenye damu ya nani?

Kaka aliporudi, wifi alimwambia mwenyewe, mimi nimekaa pembeni. Kaka akautazama ule uso ambao kila siku alikuwa anaupita.  Siku iliyofuata alikuwa wa kwanza kuvaa viatu, tukaenda wote watatu hospitali.

Yule mama daktari alianza na usaha. Kisha akaagiza vipimo vya damu, virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Majibu yakatoka safi. Tukataka kushangilia, akatuzuia. Alisema kuna magonjwa hujificha mwanzoni, lazima kupima tena baada ya wiki kadhaa. Kisha akamuuliza wifi kama wale wawili aliowapeleka wameambiwa.

Wifi akasema angewapigia simu. Daktari akasema jambo kama hilo halisemwi kwa simu.

Tukaenda kwa miguu yetu. Wifi alikataa kupaka poda. Yule wa kwanza alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Wa pili alisema asante, akaingia ndani kuvaa, akaja naye kupima.

Vipimo vya pili vya wifi vilikuwa safi. Huyu aliyesema asante, walimkuta na virusi vya homa ya ini. Hakuna anayeweza kuapa alivipata wapi. Anahudhuria kliniki, na bado anampigia wifi simu, jambo ambalo wifi mpaka leo halielewi.

Tulitoa taarifa kwa maafisa wa afya. Walipofika pale ghorofani walikuta misumari ya vyeti ukutani na harufu nzuri. Mwenyewe kashahama.

Mngedhani yameisha.

Majuzi kaja dukani msichana mmoja, anajaribu fremu. Kwenye kioo anajishika mashavu kuliko anavyotazama miwani. Nikamtania kidogo, akafunguka. Kesho yake ana miadi ya sindano za uso. Mtaa mwingine, jina lingine. Akanionyesha picha kwenye simu, matokeo ya mteja, ili nami nitamani.

Picha mbili. Ya kushoto imeandikwa "kabla": mwanamke mwenye mistari ya vidoti mashavuni. Ya kulia imeandikwa "baada": mwanamke yuleyule, ngozi laini, ana madoa mawili matatu ya kawaida.

Nikaichukua ile simu, nikaikuza picha.

Alikuwa wifi yangu. Picha zote mbili za kweli kabisa, hazijachezewa popote. Dokta Nyororo alimpiga moja siku ya kwanza, kabla hajamgusa, na nyingine aliporudi kulalamika. Alichofanya ni kuzigeuza. Akauweka uso aliouharibu upande wa "kabla", na uso aliopewa na Mungu upande wa "baada".

Nikamwomba yule msichana asubiri kidogo. Nikampigia wifi. Alikuja hivyohivyo, bila poda, akasimama mbele yake kwenye mwanga wa duka.

Msichana akatazama simu. Akamtazama wifi. Akatazama simu tena. Kisha akafuta miadi.

Ndugu zangu, sikuandika haya ili muogope sindano. Nimeandika ili kabla hujalaza uso wako kwenye kitanda cha mtu, umuulize alisomea wapi, na sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Na yeye akuulize wewe, akuulize mpaka ukasirike. Asiyejua kukuambia hapana, usimpe uso wako.