Mama wa Ustadhi na Mwinjilisti

Nyanjige wa Ngulyati hakujua kukataa, na hilo ndilo lililomponza. Ukimwomba chumvi anakupa, ukimwachia mtoto anamshika hadi jioni. Wanawe wawili walipomwomba roho yake, kila mmoja kwa wakati wake, aliwapa pia. Jamani, umlaumu kwa lipi? Alikulia nyumba ya kumwaga pombe kwa ajili ya mababu, na kwake yeye Mungu alikuwa mmoja, mkubwa, asiyeshindwa kuelewa mambo ya watu.

Mihayo, mkubwa, alisilimu Mwanza alikokuwa dereva wa lori. Alirudi ustadhi, mwenye kanzu na jina la Swalehe, ambalo mama yake hakulizoea. Masalu, mdogo, aliokoka akawa mwinjilisti. Tangu hapo wakikutana kwa mama yao ni ubishi mtupu, hadi ugali unapoa.

Mama alipougua homa, Mihayo alimtamkisha shahada. Akaitamka, maana mtoto alikuwa analia. Alipopona, Masalu akampeleka lamboni kubatizwa. Akazama, maana huyu naye alikuwa analia. Kila mmoja alimwambia, "Mwenzangu usimwambie kwanza." Wakamtunzia siri, naye akadhani wanamhurumia. Wapi! Walikuwa wanamweka akiba.

Ndipo pikipiki yenye spika ikapita ikitangaza mhadhara kwenye uwanja wa gulio: Biblia na Kurani, ipi ya kuaminika? Ustadhi Swalehe uso kwa uso na Mwinjilisti Masalu. Nyanjige alikuwa shambani anachuma pamba. Akaacha kuchuma.

"Mayu, mama wee, usiende," Kija, jirani yake, alimwambia. "Watu wanakuja toka mjini Bariadi, na wengine toka Kasoli. Hawaji kusikiliza, wanakuja kuona nani ataumbuka."

"Nikikaa mbele wataona aibu," alijibu. "Sitaki wanangu waachane kabisa."

Alikwenda. Mawingu yalikuwa yametanda na joto halikupungua. Vijana walisimama makundi mawili, fimbo za kuchungia mikononi, na hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Hakuna aliyemsalimia. Akakaa chini, mbele kabisa.

Mihayo alianza. Alishika Biblia yenyewe akauliza ni wapi Yesu alisema kwa kinywa chake, mimi ni Mungu, niabuduni. Upande wake ukaitikia kwa takbiri. Masalu akamjibu kwa Injili ya Yohana, kisha akauliza mbona Kurani nayo inakiri kwamba Yesu alizaliwa na bikira. Ni nabii gani mwingine aliyezaliwa hivyo? Adamu hakuwa na baba wala mama, Mihayo akarudisha, naye ni Mungu? Haleluya zikapishana na takbiri. Nyanjige hakuwa akisikiliza hoja. Alikuwa akiangalia zile fimbo.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Hoja zenu zote nzuri. Sasa mbona mama yenu mzazi hakuamini hata mmoja wenu?"

"Ameshasilimu," alisema Mihayo.

"Ameshabatizwa," alisema Masalu, sauti juu ya sauti.

Wakatazamana. Mtu akasema mmoja wao ni mwongo, na makundi yale mawili yakasogeleana hatua. Mihayo akashuka jukwaani na kipaza sauti, akamwekea mama yake mdomoni.

"Sema, mama. Watu wasikie."

Aliogopa, sikufichi. Angeweza kumtaja mmoja, na mwingine angepigwa pale pale mbele ya macho yake.

"Nilikubali kwenu wote," alisema. "Wote mlikuwa mnalia."

Mtu akacheka, kisha akaacha. Masalu alikuwa wa kwanza kusema, na aliongea polepole.

"Kwa hiyo ulimdanganya Mungu, mama."

Nyanjige akamgeukia Mihayo, mkubwa wake, amtetee.

"Hapo amesema kweli," Mihayo alisema. "Huyu hana dini."

Tangu mmoja asilimu na mwingine aokoke, ndugu hao hawakuwa wamewahi kukubaliana jambo. Fimbo zilishushwa. Watu walishangilia, wengine wakasema huo ndio udugu, na wanawe wakapeana mikono juu ya kichwa chake, naye amekaa pale chini katikati yao. Kisha kila mmoja akaondoka na watu wake, na hakuna aliyemwambia mama inuka twende.