Usining'inize Gari kwa Klachi

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja nilipompakia ng'ombe wa Cucu, bibi yangu, kwenye pikapu ya baba, halafu nikakaribia kumuua kwa mguu wangu wa kushoto. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado ni za kutafutwa. Nimesikia umeanza kujifunza gari, na juzi nilikuona ukipita umekunja uso, mabega yamefika masikioni. Uso huo naujua. Niliuvaa miaka mingi.

Leseni niliipata kwa gari dogo la petroli la shule ya udereva, kwenye barabara tambarare. Pikapu ya dizeli nilijifundisha mwenyewe. Baba akienda shambani, mimi naitoa hadi uwanja wa kanisa, baada ya kutazama video kwenye simu mpaka macho yakauma. Nilitaka niwe dereva asiye na kasoro. Na kasoro niliyoiogopa kuliko zote, ona ujinga huu, haikuwa kugonga mtu. Ilikuwa gari kunizimikia mbele ya watu. Unajua watu wetu. Ukizima gari karibu na soko la Nyeri, hata anayechoma mahindi anakuwa mwalimu wako.

Basi nikajitungia dawa yangu. Mguu wa kushoto haukutoka kwenye klachi. Injini ikinguruma kwa uzito, nakanyaga kidogo. Nikiona tuta, nakanyaga kidogo. Pale kwenye kilima kifupi cha lango la kanisa, badala ya kuvuta breki ya mkono, nilikuwa naachia klachi nusu, naongeza mafuta, na pikapu inaning'inia pale pale, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nilijiona fundi. Sikumuuliza mtu yeyote, maana kuuliza kungeonyesha kwamba sijui. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi nilidhani wanasema juu ya hospitali tu.

Mwaka huo ng'ombe wa pekee wa Cucu alikufa. Cucu, mama yake baba, anaishi Tetu peke yake, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakimlipia nauli ya mjini, sadaka ya kanisani na vitu vya dukani, bila kumwomba mtu chochote. Baada ya kifo hicho alianza kunyamaza mezani hata tulipomtembelea. Ndipo Mzee Hussein, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki aliyefahamiana naye tangu zamani, akamtafutia mtamba huko Timau, mwenye mimba, aliyekaribia kabisa kuzaa. Baba alikuwa amelala akiumwa mgongo. Nikasema nitaendesha mimi.

Huko Timau tulimwaga mchanga na nyasi kavu kwenye sakafu ya pikapu ili kwato zisiteleze. Cucu akakaa mbele pamoja nami, Biblia yake mapajani. Mzee Hussein akapanda nyuma na kamba. Kabla hatujatoka aliinama dirishani akaniambia jambo moja.

"Binti yangu, akiangukia tumbo, hakuna ndama. Pengine hata mama hakuna. Umeelewa?"

Nilielewa. Mguu wa kushoto ukaenda moja kwa moja kwenye klachi.

Tulipofika Naro Moru Mzee Hussein aligonga paa la gari nikasimama. "Mama," alimwambia Cucu, "huyu mjukuu wako anatuchezesha densi huku nyuma. Gari inavuta, inaacha, inavuta, inaacha. Ng'ombe hajui aegemee wapi."

"Ni barabara," nikasema.

"Barabara ni lami," akajibu Mzee Hussein, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mwanangu, hapo ningeweza kukiri. Nikatia gia, tukaondoka.

Tulipoiacha lami na kuingia vilima vya Tetu, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kwenye mteremko wa kwanza nikakanyaga klachi mpaka chini nikiamini nausaidia mwendo uwe laini. Gari likaachiliwa na injini, likakimbia. Nikashika breki, na nyuma nikasikia kwato zikikwaruza bati. Cucu akafunga Biblia. Baada ya daraja ukaja mlima mrefu, na katikati yake kuna kituo cha kupimia majani chai. Lori la majani lilikuwa linarudi nyuma taratibu kuingia kituoni, limeziba njia. Akina mama wenye vikapu walikuwa wamejipanga kando, hawana haraka, wanatazama.

Nikafanya kama nilivyozoea langoni kwa kanisa. Klachi nusu, mafuta kidogo, nining'inie. Lakini langoni pikapu ilikuwa tupu, na hapa ilikuwa na ng'ombe mwenye mimba. Lori likakawia. Harufu ikaanza, kali, ya kitu kinachoungua.

"Aii, dereva!" mama mmoja akaita. "Ni sufuria ya githeri unaunguza huko ndani?"

"Shuka tukusukume, mrembo!" akasema mwingine, wakacheka wote.

Nikaongeza mafuta. Klachi iliyokuwa imepata moto ikaanza kutetemeka, pikapu ikaruka kidogo mbele, ikarudi. Nyuma nikasikia kishindo, kisha Mzee Hussein akipiga paa kwa ngumi. "Amepiga magoti! Simamisha! Amepiga magoti!"

Cucu akanigeukia. Kwa kawaida husema nami Kikuyu, lakini siku hiyo alitumia Kiswahili ili na Mzee Hussein asikie.

"Zima."

"Cucu, nikizima hapa mlimani, watu..."

"Ati watu? Ni watu ndio wako na mimba? Wewe unaogopa kuchekwa kuliko unaogopa kuniulia ng'ombe. Zima hii gari!"

Sijawahi kuambiwa neno la kweli zaidi ya hilo. Nikakanyaga breki, nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikazima. Na wale wale akina mama waliokuwa wakicheka ndio waliokimbia na mawe wakayatia nyuma ya magurudumu, bila kuombwa. Mzee Hussein alimsemesha ng'ombe kwa sauti ya chini, akamlegezea kamba. Ng'ombe alikaa magotini muda ambao kwangu haukuwa na mwisho. Cucu hakusali kwa sauti. Midomo tu ndiyo ilitembea. Kisha ng'ombe akanyanyua nyuma, akanyanyua mbele, akasimama.

Tukaacha klachi ipoe. Lori nalo likaingia kituoni. "Sasa sikiliza," Mzee Hussein akaniambia. "Akisikia gari inavuta pole pole, anapanga miguu yake. Mpe nafasi. Halafu ukishaenda, enda."

Nikawasha. Nikaachia klachi haraka mno, gari likazima. Akina mama wakapiga kelele za furaha. Nikatazama kwenye kioo: ng'ombe alikuwa amesimama vilevile, anajilamba pua. Miaka yote niliyoogopa kitu kile, na kumbe kikitokea hakiumizi hata ng'ombe!

Mara ya pili nikakanyaga klachi mpaka chini, nikaweka gia ya kwanza, breki ya mkono bado juu. Nikauinua mguu taratibu mpaka sauti ya injini ikashuka na nyuma ya pikapu ikachutama kidogo, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia. Hapo ndipo klachi inaposhika. Nikatulia hapo kwa pumzi moja, nikaongeza mafuta kidogo, nikashusha breki ya mkono. Ikavuta. Kisha nikafanya nisichowahi kufanya: nikauondoa mguu wa kushoto kabisa, nikauweka sakafuni. Injini ya dizeli ina nguvu huko chini, hata ikizunguka polepole, mwanangu. Ukiiamini itapanda kwa gia ya kwanza kama mzee anayekwenda kanisani, bila kelele. Tukapanda hivyo hadi kwa Cucu. Tulimshusha ng'ombe kwenye ukingo wa shamba, naye akaenda moja kwa moja kwenye majani ya migomba. Hakuharibu mimba. Alizaa jike, na Cucu akaanza tena kusimulia mambo mezani. Klachi haikupona, baba alinionyesha bamba lake limekuwa jeusi na kung'aa kama kioo.

Basi shika haya. Klachi ni ya kuanzia, kubadilishia gia na kusimamia. Si ya kupumzishia mguu, wala si breki. Mlimani, mzigo wa kusimama iachie breki ya mkono. Ukishuka, shuka na gia ndogo, injini ikuzuie, mguu wa kushoto sakafuni. Ukisikia harufu, simama hata kama kijiji kizima kinatazama. Na likizima, washa tena. Aliyecheka atarudi kwenye kikapu chake. Usijifundishe gizani kama mimi kwa kuogopa kuonekana hujui. Na kila unapoendesha, jiulize ni nani uliyembeba, si nani anayekutazama.

Mungu akubariki ukipanda, akubariki ukishuka, na yeyote utakayempakia nyuma yako afike akiwa amesimama.