Ng'ombe wa Marehemu Thoan

Thoan Reath alirudi kwao akiwa marehemu, na yeye mwenyewe hakuwa na habari. Alishuka kwenye lori la mahindi ya msaada pale Ayod, mwaka wa pili baada ya amani kutiwa sahihi, akatembea siku mbili nyasini na malapa yake ya tairi aliyoyanunua katika kambi ya wakimbizi Kakuma. Alipofika uani kwa baba yake aliita jina la mdogo wake. Mwanamke aliyekuwa akipepeta mtama aliuangusha ungo, akakimbilia ndani.

"Lam," alimsikia akisema, "kuna mtu nje ana sura ya kwenu."

Lam alitoka. Thoan alimwacha akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, sasa mbele yake alisimama mwanamume mwenye mvi mbili tatu na mistari sita ya kuchanjwa kwenye paji la uso, alama ya mtu mzima. Walitazamana. Lam alilia waziwazi, machozi yakamfika kidevuni, lakini hakusogea hata hatua moja.

"Kaa hapohapo, mwana wa mama," alisema. "Usiingie bandani. Sisi wewe tulishakukata."

Sasa hapo lazima nirudi nyuma kidogo, maana mtu akisikia ndugu kamzuia nduguye mlangoni atasema Wanueri hawana utu. Wanao, tena mwingi. Ila wana taratibu zao, na vita ilipokuja ilizikuta, ikazichezea.

Thoan alipokuwa kijana, serikali ya mbali huko kaskazini ilileta mashine ya kuchimba mfereji. Mfereji huo ungechukua maji ya mabwawa yao, yale yanayootesha nyasi za kiangazi, uyapeleke kwa watu wengine kabisa. Nani aliulizwa? Hakuna. Mashine ilipita kwenye njia za mifugo usiku na mchana, ikaacha handaki pana lenye kingo za kuangusha ng'ombe. Kisha redio ikatangaza kwamba nchi nzima itahukumiwa kwa sheria ya dini ambayo wao hawakuwa nayo. Askari wa kusini wakaasi. Mashine ikapigwa risasi, ikanyamaza, na mpaka leo iko palepale inaota kutu. Vijana wakaenda Ethiopia kufuata bunduki, na Thoan, ambaye majeraha ya kuchanjwa yalikuwa hayajapoa vizuri, akaenda nao. Alidhani ni kwa msimu mmoja.

Ikawa miaka ishirini na mitatu. Katikati yake wakubwa wa vita waligombana wao kwa wao, na bunduki zilezile zilizokwenda kumtafuta adui zikageukia majirani, Wanueri na Wadinka, watu waliokuwa wakioana. Thoan aliyaona hayo, akaitupa silaha yake mtoni, akakimbilia Kenya. Huko alikaa kambini miaka kumi na mitano akila mahindi ya kadi ya mgao.

Nyumbani nako, mwaka wa nne tangu aondoke, alipita mtu aliyesema amemwona Thoan akizama. Hawakumwamini. Kisha ng'ombe wakaanza kufa, mama yao akaugua, na mwaguzi akasema, "Mwanenu yuko majini ana njaa. Hana mke, hana mtoto wa kulitaja jina lake." Wakaamini. Dume jeusi la ng'ombe likachinjwa, roho ya Thoan ikakatwa isiwe tena pamoja na walio hai, ikaenda zake pamoja na lile dume. Ng'ombe waliobaki, wale ambao Lam angeolea mke wake mwenyewe, wakatolewa mahari kwa jina la marehemu. Akaolewa Nyaduel, yule aliyeangusha ungo, awe mke wa Thoan. Lam akalala naye kwa niaba, akazaa watoto watano, na wote ni watoto wa Thoan. Lam kwa kuhesabika ni kapera.

Ndiyo hali aliyoikuta. Walimtolea mbuzi wa kumtakasa, wakampa kibanda karibu na ua, na chakula alipata. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Watu walimsalimu, walimpa tumbaku, walimwuliza habari za Kenya wakacheka. Lakini ng'ombe walipozungumzwa, mazungumzo yalikoma akikaribia, na mzigo wa kuamua jambo lolote haukumfikia. Nyaduel alimwita "mgeni". Watoto walimwita "mzee", na Lam wakamwita "baba". Na kila jioni Nyaduel alitoka na kibuyu, akamwaga maziwa kidogo kwenye nguzo ya mizimu katikati ya uwanja, akanong'ona, "Thoan, kunywa." Thoan alikuwa amekaa hatua kumi kutoka hapo, koo limekauka. Upweke wa kambini ulikuwa wa mtu asiye na watu. Huu wa nyumbani ulimzidi.

Mwaka uliofuata, Nyakong, binti mkubwa, akachumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mfereji. Thoan alimpenda yule binti. Alikuwa na meno yaliyoachana kama ya mama yake Thoan, na ndiye pekee aliyewahi kumwuliza, "Mzee, kule ulikuwa unalala wapi?" Siku ya harusi baba husimama mbele ya ng'ombe, hutaja mababu, husema neno la kumbariki mwanawe. Thoan hakutaka ng'ombe hata mmoja. Alitaka kusimama, na aseme hilo neno.

Akaenda kwa Jiath, ndugu mkubwa wa ukoo ambaye ndiye mwendeshaji wa harusi zao, mtu wa kiko na maneno makavu.

"Nataka kusema siku ya Nyakong," Thoan alisema.

"Wewe umeona wapi marehemu anahutubia harusi?"

"Jiath, niguse. Mimi ni mzima."

"Mwili mzima, hilo nakubali. Tena umenenepa, mahindi ya Kenya si mabaya." Jiath alivuta kiko. "Roho ilikwenda na dume. Niletee lile dume, tuzungumze."

"Taratibu ya watu, watu wanaweza kuitengua."

"Pengine. Tukitengua, wewe ni mume. Nyaduel wako, nyumba yako, watoto walikuwa wako tangu zamani. Na Lam? Ana miaka thelathini na sita, hana ng'ombe, hana mke, hana hata binti wa kuitwa kwa jina lake. Atoke aende wapi? Kakuma?"

Thoan aliinuka. Alirudi polepole, akamkuta Lam amembeba Nyamal, kitinda mimba wa miaka mitatu, anamtoa mwiba mguuni huku akimwimbia upuuzi ili asilie. Thoan aliwapita, akaingia kibandani kwake.

Siku ya harusi ng'ombe waliletwa. Wakagawanywa kwa zogo la kawaida: huyu wa mjomba, huyu wa shangazi, huyu pembe yake mbaya, mtuletee mwingine. Kisha akatolewa jike wa kijivu aliyezaa karibuni, ng'ombe wa marehemu. Jiath akampaka majivu mgongoni.

"Thoan Reath," aliita, uso ameuelekeza kwenye nguzo. "Uliyekwenda vitani usirudi. Huyu ndiye ng'ombe wako katika binti yako. Mpokee, umwache mtoto azae."

Ng'ombe akikojoa, mzimu umekubali. Watu wakangoja. Ng'ombe alitafuna tu, akapunga mkia. Jiath akarudia. Wapi! Upande wa bwana harusi wakaanza kuguna, maana mzimu uliokasirika hautanii, huziba tumbo la bibi harusi. Lam akageuka, akamtazama kaka yake aliyekaa penye ua nyuma ya watu wote. Alimtazama kwa woga. Thoan akaelewa kwamba hapo ndipo pake. Angeweza kusimama sasa, mbele ya koo mbili, aseme mimi hapa, baba yake, ni mzima. Harusi ingevunjika, na Lam angevunjika nayo.

"Nimempokea," Thoan alisema, bila kuinuka, kwa sauti ya kawaida.

Hakuna kichwa kilichogeuka. Jiath alisafisha koo. "Amepokea," akawaambia watu, na ngoma ikaanza. Nyakong, shanga zimemjaa shingoni, alikwenda kwenye nguzo akamwaga maziwa. "Baba Thoan, naondoka," alisema. Alipopita penye ua alimpa Thoan mkono. "Kaa vizuri, mzee."

Alimwitikia. Kisha alikwenda nyuma ya kibanda akalia mpaka akachoka.

Siku ya tatu vijana, wasichana na wavulana wote walimsindikiza Nyakong kwa mumewe, na Nyaduel na wanawake wa jirani wakavuka mfereji kuwapelekea wajomba ng'ombe wa upande wa mama. Mchana mvua ikanyesha. Lile handaki la mashine, lisilowahi kumpelekea mtu yeyote maji, likajaa hadi kingo. Wote wakabaki ng'ambo. Nyumbani walikuwa Lam, Thoan, na Nyamal mwenye homa.

Mtoto alikataa mtama. Alitaka maziwa, akayalilia tangu asubuhi mpaka sauti ikakatika. Yule jike wa kijivu alisimama kwenye kigingi na kiwele kimejaa. Lakini mwanamume aliyechanjwa hakamui. Hiyo ni kazi ya wanawake na watoto, na mwanamume akikamua, maziwa hayo ni ya kuleta msiba. Lam alizunguka uwanja mara tatu. Alikwenda mpaka mferejini, akarudi ameloa.

Thoan alichukua kibuyu.

"Kaka, usifanye hivyo," Lam alisema. "Una mistari."

"Ninayo. Mwiko ni wa wanaume walio hai, Lam." Alichuchumaa chini ya ng'ombe. "Mimi mmenizika. Atanikataza nani?"

Vidole vilikuwa vimesahau. Mwanzoni ng'ombe alirusha teke, kisha akatulia, maziwa yakaanza kugonga kibuyu. Lam aliketi matopeni akaficha uso. Thoan alimnywesha mtoto kidogo kidogo hadi akalala, naye hakuonja hata tone.

Nyaduel alivuka siku ya pili jioni, maji yalipopungua. Alimshika mtoto paji, akaenda kwa ng'ombe akakipapasa kiwele, akakitazama kibuyu.

"Nani amekamua?"

Thoan aliinamisha kichwa. Lam alimtazama kaka yake.

"Mwenye ng'ombe," alisema.

Nyaduel akakiosha kibuyu, akakamua, akatoka nacho kuelekea kwenye nguzo kama kila jioni. Akafika, akasimama. Kisha akaipita, akaja hadi kibandani, akakiweka kibuyu chini mbele ya miguu ya Thoan.

"Kunywa," alisema, akageuka akaenda zake.