Shamba la Kutisha

Waceke alikuwa mjane aliyehamia mji mdogo wa Ziwa, nje ya Eldoret, na watoto wanne, akiuza viazi sokoni. Mwaka wa sitini na tano alijiunga na kikundi kilichotaka kununua shamba la mzungu aliyekuwa akirudi kwao.

Siku ya kwenda kulitazama, mzungu aliwaonyesha ekari zilizomezwa na magugu na bwawa lililobomoka ukingo, akatikisa kichwa, akasema ni "daunting." Murunga, karani kijana aliyekuwa mkalimani wao, alisita kidogo.

"Anasema hii shamba inatisha."

"Inatisha namna gani?" Waceke akauliza.

"Amesema hivyo tu, Mama."

Waceke alikuwa ameona ya kutisha wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, kule kwao Nyeri. Alijua kuna mashamba yenye makaburi ambayo hakuna anayeyataja. Jioni hiyo alimwendea Ndungu, mwenyekiti wa kikundi, akamwomba ampe mtu mwingine nafasi yake.

Siku ya soko iliyofuata, Murunga alifika kwa baiskeli kutoka Eldoret, matope hadi magotini.

"Mama, lile neno nililikosea. Nilisikia umejitoa, nikarudi kumuuliza mzungu mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Ni ile kazi ukiitazama moyo unanywea kabla hujashika jembe. Hata mtihani wanauita hivyo. Hakuna ubaya uliotendeka pale."

"Hakuna mtu aliyeuawa?"

"Hakuna. Ni magugu tu, na lile bwawa."

Waceke akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. "Magugu nayajua mimi."

Alifunga viazi vyake kabla ya saa sita, akaenda kwa Ndungu. Nafasi yake ilikuwa haijachukuliwa.

Mwaka wa kwanza moyo ulimnywea kweli. Maksai wa kulima walikuwa wa kuazima, na mvua ikabeba mbegu. Lakini mwaka wa pili mahindi yalimpita kichwa, na baadaye akapata ng'ombe wawili wa maziwa. Watoto wote walisoma.

Nelima, mke wa Murunga, alipojifungua katika hospitali ya Plateau, Waceke alikwenda na chupa ya uji na kuku wawili, akakaa nao mpaka mama na mtoto wakaruhusiwa. Mkunga akamuuliza kama yeye ndiye nyanya.

"Bwanake alinirudishia shamba," Waceke akasema, akimpokea mtoto. "Angeweza kunyamaza, na mimi nisingejua."