Damu ya Upande wa Mama

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Bigwa, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kujaa sokoni Morogoro. Mama yangu alishuka kutoka mlimani kuja kunihudumia uzazi. Akamnunulia mjukuu wake blanketi laini ajabu, likinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Tulidhani ndiyo harufu ya vitu vya Ulaya. Hatukulifua, tukamfunika nalo.

Siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa ya njano kama binzari, na nepi ina mkojo mweusi kama chai ya rangi. Mama alipoiona, alikaa chini.

"Kaka yangu alikojoa hivihivi," akasema. "Kesho yake tukamzika."

Hospitalini daktari, mwanamke mfupi wa makamo, alimnusa mtoto kabla ya kumpima. Akaagiza blanketi litolewe nje upesi. Mume wangu akatoa damu, mtoto akaongezewa. Tukakesha tukimwangalia. Asubuhi alinyonya kwa nguvu hadi nikalia.

Daktari akaja, akamwamkia mama, "Shikamoo, bibi," akaketi kitandani.

"Chembe za damu hubeba oksijeni," alinieleza, "na oksijeni hiyohiyo huzila, kama chuma kinavyoliwa na kutu. Mwili una kinga yake. Mwanao kinga hiyo anayo kidogo. Vile vidonge vya nondo kwenye blanketi vilizidisha kutu, chembe zikapasuka."

"Ameitoa wapi hali hiyo?"

"Kwako, mama. Mwanamke huweza kuibeba asiumwe, akamrithisha mtoto wa kiume. Lakini usiichukie. Inaelekea wenye nayo malaria kali huwapata kwa nadra."

Nilitazama mikono yangu. Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama. Sikujua kwamba ndani ya damu kulikuwa na kitu kinachopita njia hiyohiyo, kikiua huku na kulinda kule, tangu kwa mabibi ambao hata makaburi yao hatuyajui.

Mama akauliza taratibu, "Na mtu mzima akimeza vidonge vya homa, vinaweza kumfanya hivyo?"

"Baadhi ya vidonge, ndiyo."

Tuliporudi nyumbani mama akanieleza. Mjomba, yule kaka yake, alikuwa amemeza vidonge vya homa siku chache kabla; alipokufa, nyumbani kwao walimsingizia uchawi mke wa jirani. Hakuna aliyemsalimia tangu hapo.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu tulipanda mlimani. Yule mwanamke, mzee sasa, alikuwa anapalilia maharage kwenye mteremko. Mama alipiga magoti kwenye udongo.

"Dada, tulikuonea. Ilikuwa damu yetu wenyewe."

Mzee alililaza jembe chini. Ukungu ulikuwa unapanda. Kisha akajifuta mikono kwenye khanga, akainyoosha kwangu.

"Nipe nimshike," akasema. "Miaka yote hii hakuna aliyenipa mtoto."