Ndalahwa, bondia ambaye macho yake hayataki kuinuka

Saa saba mchana, Uyole, jijini Mbeya. Lori lililotoka Rujewa na mchele limeegeshwa kinyumenyume mlangoni mwa ghala, na Ndalahwa Masanja anapanda ubao wa kuingilia ghalani akiwa na gunia la kilo mia kisogoni. Kidevu kimegusa kifua. Macho yake yako kwenye ubao, hatua moja mbele ya vidole vya miguu.

Ukimwita, haitiki mpaka gunia litue.

Ndalahwa ana umri wa miaka ishirini na minane. Kila gunia humpa shilingi mia tano, na mavuno ya mpunga wa bonde la Usangu yanapopamba moto, kama mwezi huu wa Mei, hukosa hata nafasi ya kula. Lakini kule Mwanjelwa, jijini humohumo, hawamjui kwa magunia. Wanamjua kama bondia, yule mfupi anayepigana huku ameficha uso.

Mtindo huo vijana wanauita pikabuu. Bondia hubandika ngumi zote mbili mashavuni, viwiko vikalinda mbavu, kidevu kikainama, kisha kiwiliwili huyumba huku na huku kikipita chini ya makonde ya mpinzani, mpaka afike karibu na kuanza kumwaga ya kwake. Ni mtindo wa wafupi. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Ndalahwa, mwenye futi tano na inchi mbili, hana haja ya kuinama sana.

Aliyemfundisha ni Mzee Bushiri Idrisa, fundi cherehani wa Mwanjelwa, ambaye babu yake alitoka Kilwa kuja Mbeya kuuza nguo. Ujanani alipigana ngumi mpaka pua ikahama mahali pake. Siku hizi, akifunga cherehani jioni, hufungua stoo iliyokuwa ya mahindi na kufundisha vijana humo. Ulingo hakuna. Kuna kamba iliyofungwa ukuta hadi ukuta, usawa wa kidevu, na mwanafunzi hupita chini yake kulia na kushoto mpaka mapaja yawake moto.

"Mapaja anayo, na moyo anao," anasema Bushiri. "Kwenye kamba hakuna aliyemfikia. Shida yake ni macho. Pikabuu kidevu kinainama, macho hayainami. Unamtazama mtu juu ya ngumi zako, kama unachungulia dirishani. Sasa huyu akiinamisha kidevu, na macho yanakwenda chini. Anatazama sakafu! Nikamuuliza, mwanangu, umeangusha nini hapo?"

Hakuwa ameangusha kitu. Wazazi wake walihama Meatu na ng'ombe kuja Usangu, na ng'ombe walipokwisha, yeye aliingia mjini akiwa na shingo yake tu ya kuuza. Siku ya kwanza ghalani, miaka tisa iliyopita, kiongozi wa wapakiaji, Ezron, alimpa somo ambalo kila mbeba magunia hupewa: angalia ubao, usiangalie mtu. Anayeinua macho akiwa na gunia hukosea hatua, na gunia halina huruma. Ndalahwa alilishika somo hilo kuliko yote aliyowahi kufundishwa.

Bushiri hakukata tamaa. Alitundika vipande vya vitenge ukutani, upande wa pili wa kamba, akawa anavibadilisha kila jioni. Ndalahwa alitakiwa kuyumba chini ya kamba huku akitaja rangi kwa sauti. Vijana wenzake walikuwa wakivunjika mbavu kwa kicheko, wakimwita mwuza vitenge.

Ilisaidia. Miezi ya mvua, malori yanapokuwa machache, macho yake yaliinuka. Ni katika miezi hiyo alipokwenda Chunya na kushinda kwa pointi, wachimbaji wa dhahabu wakambeba juujuu kwenye vumbi. Mavuno yalipofika, malori yakarudi, na macho nayo yakarudi chini. Mazoea yana taabu.

Kisha likaja pambano la Iringa, Juni mwaka jana. Mshindi angechukuliwa kwenda kambini Dar es Salaam, ale na alale huko, kazi yake iwe ngumi tu. Bushiri alimpa sharti moja: mwezi mzima asiguse gunia. Ndalahwa akakubali.

"Nilimdanganya mzee," anasema, na hapo sauti inashuka. "Pale kwa Ezron niliaga kweli, maana wateja wa mzee wanapita pale. Nikaenda kubeba ghala lingine, kule nyuma. Juni ndiyo mchele unaingia. Tumbo lenyewe linajua nina pambano?"

Mpinzani wake alikuwa Crispin, kijana mrefu kutoka Mgololo. Raundi tatu za kwanza Ndalahwa alipita chini ya mikono ile mirefu kana kwamba anapita chini ya kamba ya Bushiri, akatokea kifuani na kupiga mbavu. Ukumbi ulikuwa upande wake.

Raundi ya nne alichoka. Mwili uliochoka hurudia unachokijua, na mwili huu ulijua ubao. Aliinama kukwepa ngumi ya kushoto, na macho yakabaki chini. Ngumi iliyotoka chini ilimkuta akitazama sakafu ya ulingo.

Alizinduka chumba cha kubadilishia nguo. Bushiri alikuwa akimfungua bandeji za mikono.

"Ulibeba?" mzee aliuliza.

"Nilibeba, mwalimu."

Wakirudi Mbeya, basi liliposimama Makambako, Bushiri alishuka, akamnunulia chipsi, akamwekea mapajani, kisha akageukia dirisha.

Tangu siku ile vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimekufa ganzi. Daktari alimweleza kwamba mifupa ya shingo inabana mshipa wa fahamu: aache magunia, aache na ngumi, kwani pigo jingine zito laweza kuondoka na mkono mzima. Ezron, kwa huruma, alimhamishia kwenye kushona magunia. Lakini shazia, ile sindano nene ya kazi hiyo, ilikuwa ikimponyoka vidoleni bila yeye kujua, na magunia yakafumuka njiani, mchele ukamwagika barabarani. Mwenye mali alifoka. Ndalahwa akarudi kwenye ubao.

Inauma kumtazama akiupanda. Kazi inayomlisha ndiyo inayomlemaza, na hana ya kuibadilisha nayo.

"Mimi ngumi sizipendi," anasema mkewe, Catherine. "Lakini zamani akitoka mazoezini alikuwa anaingia ndani anacheka, anamkimbiza mwanetu Gideon uani. Sasa hivi anaingia, anakaa. Unamsemesha, anatazama chini."

Bushiri naye amenyongea. "Sikumfukuza. Tuliporudi kutoka Iringa nilimwambia achague, gunia au ngumi. Nimekaa nimefikiri, nikaona nilikosea. Anayechagua ni mwenye viwili. Yeye alikuwa na gunia tu."

Wiki iliyopita promota wa lile pambano la Iringa alimpigia Ndalahwa simu. Ana kijana mpya, anamtafutia mtu wa kumpa ushindi wa kwanza. Hilo hakumficha. Ndalahwa amekubali kupigana Juni, na Bushiri, aliposikia, alikataa katakata kusimama kwenye kona yake. Daktari hajaambiwa.

"Wao wanadhani naenda kupigwa," anasema, ameketi kizingitini kwake akijikanda vile vidole viwili. "Mimi nakwenda kushinda. Nikishinda wataniita tena, shingo itapata kupumzika. Chunya si macho yaliinuka yenyewe? Safari hii naacha magunia mwezi mzima."

Catherine anaacha kuchambua mboga. "Baba Gideon, mwezi mzima tutakula nini?"

"Basi, wiki mbili."

Mkewe anarudia kuchambua mboga.

"Wiki moja, Mama Gideon. Wiki moja haitatushinda."

Simu inaita. Ni Ezron: malori mawili yameingia, watu hawatoshi. Ndalahwa anainuka, anavaa shati la kazi, anashindwa kufunga kifungo cha juu, anakiacha.

"Siku tatu," anasema, ameshavuka kizingiti. "Siku tatu za mwisho sibebi kabisa."